Macropoxy 646 Kwenye Baridi ya Maine: Haraka Inayohesabiwa kwa Siku

Macropoxy 646 ni rangi ya epoksi ya sehemu mbili, resini na kigumishi, zinazochanganywa kabla ya kupakwa; inatengenezwa na kampuni ya Sherwin-Williams ya Cleveland, Marekani, na jina lake kamili linatangaza kwamba ni ya kukomaa haraka. Nimeitumia kwa majira mawili ya baridi katika karakana ya vyuma kwenye jimbo la Maine, kaskazini-mashariki mwa Marekani, ambako usiku wa Januari kipimajoto kikisoma nyuzi joto 10 chini ya sifuri hakuna anayeshangaa. Kazi zetu ni ngazi za nje, majukwaa ya kuzunguka mitambo na mihimili ya madaraja madogo ya waenda kwa miguu, yaani vyuma ambavyo vitakaa maisha yake yote kwenye mvua, theluji na chumvi inayomwagwa barabarani ili kuyeyusha barafu. Ninaandika tathmini hii kwa ajili ya mafundi wenzangu wasomao Kiswahili, wakiwemo ndugu zetu wa Kongo ambao ni wengi huku Maine, waliojifunza kupaka rangi katika nchi za joto na sasa wanatakiwa kuifanya kazi ileile mahali ambapo kiganja kitupu kinaganda kwenye chuma.

Nianze na hukumu, ili asiye na nafasi asilazimike kusoma hadi mwisho. Ni rangi nzuri, inastahimili makosa mengi ya mpakaji, na kwa karakana inayoweza kupashwa joto hata kidogo sioni sababu ya kuikwepa. Hata hivyo, haraka inayotajwa katika jina lake ni haraka ya joto ambalo karakana yetu hulipata mwezi Julai, na mtu atakayeichukua haraka hiyo hadi Januari bila kuipigia hesabu upya atapakia kwenye lori mihimili ambayo bado ni mibichi.

Hesabu yenyewe imo katika karatasi ya maelezo ya kitaalamu ambayo mtengenezaji huitoa bure. Kwenye nyuzi joto 25 za Selsiasi, rangi iliyopakwa kwa unene wa kawaida haishiki kidole baada ya saa 2, na baada ya saa 8 kipande kinaweza kunyanyuliwa, kugeuzwa au kupakwa koti, yaani tabaka, la pili. Kwenye nyuzi joto 38, saa hizo 8 zinapungua na kuwa 4 na nusu. Kwenye nyuzi joto 1.7, ambacho ndicho kiwango cha chini kinachoruhusiwa, rangi haishiki kidole baada ya saa 4 hadi 5, lakini kunyanyua kipande na kupaka koti la pili kunasubiri saa 48. Wakemia wana kanuni ya makadirio isemayo kwamba kila joto linaposhuka kwa nyuzi 10, kasi ya mmenyuko hupungua kwa takriban nusu. Kutoka 25 hadi 1.7 ni mshuko wa nyuzi 23 na ushei, kwa hiyo kwa kanuni hiyo saa 8 zingekuwa kama 40. Mtengenezaji ameandika 48, na kwa hilo namwona mkweli kuliko wauzaji wake, ambao dukani hupenda kutaja zile saa 8 peke yake.

Mtu anaweza kuuliza faida iko wapi, ikiwa chuma kinakaa siku mbili mezani. Faida ni kwamba epoksi nyingi za kawaida, ambazo hazikutengenezwa kwa kufikiria baridi, hulala kabisa joto likishuka chini ya nyuzi 10 au 5: vimumunyisho vinatoka, uso unaonekana mkavu, lakini mmenyuko kati ya resini na kigumishi unasimama, na asubuhi ya tatu ukucha bado unazama. Ukilinganisha na hizo, 646 ni mwepesi wa miguu. Ukiilinganisha na saa ya ukutani, si mwepesi hata kidogo.

Hapa lugha yetu inatutega. Tumezoea kusema rangi "imekauka", na neno hilo tunalitumia kwa mambo mawili tofauti. La kwanza ni kukauka kwenyewe, pale vimumunyisho vinapopaa hewani na uso ukaacha kunata. La pili ningependa tuliite kukomaa, pale molekuli za resini zinapofungana na za kigumishi mpaka koti zima likawa kitu kimoja kisichoyeyuka tena kwa thina. Kwenye joto la kiangazi mambo hayo mawili hufuatana kwa karibu, ndiyo maana fundi wa Dar es Salaam hapati hasara kwa kuyachanganya. Saa 2 za kutoshika kidole na saa 8 za kunyanyua zimeachana mara nne tu. Kwenye baridi ya nyuzi 1.7 pengo hilo linakuwa mara kumi. Koti linakuwa kama ndizi iliyovundikwa vibaya, ganda la njano na ndani chungu, na kidole, ambacho ndicho chombo cha kupimia tulichorithi kutoka kwa waliotufundisha, kinageuka kuwa shahidi wa uongo. Siku hizi ninabonyeza kwa dole gumba na kulizungusha kwa nguvu, kisha nafuta sehemu isiyoonekana kwa kitambaa chenye kimumunyisho; kitambaa kikitoka na rangi, kipande hakiondoki mezani, hata kama dereva amekwisha kuwasha gari.

Jambo moja dogo kuhusu karatasi hiyo ya maelezo. Imeandikwa Kimarekani, na kile kiwango cha chini cha joto kinaonekana humo kama 35, yaani nyuzi 35 za Farenhaiti. Nimemwona kijana mwenye bidii, aliyefika mwaka huohuo, akiisoma 35 kwa Selsiasi na kushangaa kwamba rangi ya baridi inataka joto la Mtwara. Unene nao umeandikwa kwa sehemu za elfu za inchi: koti moja likauke likiwa na unene wa 5 hadi 10 kwa kipimo hicho, ambao ni maikroni 125 hadi 250. Andika ubadilishaji huo ukutani kwa kalamu nene, maana kukosea hapo kunaharibu kazi kabla kopo halijafunguliwa.

Sasa nije kwenye lile ambalo, kwa uzoefu wangu, linaharibu kazi nyingi za majira ya baridi kuliko joto lenyewe, nalo ni umande. Mtengenezaji anataka mambo mawili kwa pamoja: unyevu wa hewa usizidi asilimia 85, na chuma kiwe na joto la angalau nyuzi 2.8 juu ya joto la umande, yaani kile kiwango ambacho hewa ikipoa hadi hapo huanza kudondosha maji. Wengi husoma sharti la kwanza na kutosheka nalo. Chukua hewa ya nyuzi joto 5 yenye unyevu wa asilimia 85: sharti la kwanza limetimia. Lakini joto la umande la hewa hiyo ni karibu nyuzi 2.7, kwa hiyo chuma chenye joto sawa na hewa kimeuzidi umande kwa nyuzi 2.3 tu, na sharti la pili limevunjika wakati la kwanza bado linakupigia makofi. Unyevu ukishuka hadi asilimia 80, joto la umande linakuwa karibu nyuzi 1.8 na kazi inaruhusiwa, ingawa kwa nafasi finyu kama ukingo wa kisu. Na hapo tumechukulia kwamba chuma kina joto la hewa, jambo ambalo asubuhi huwa si kweli.

Chuma kinene hakifuati hewa. Karakana ikipashwa joto kuanzia saa kumi na mbili asubuhi, hewa inafika nyuzi 12 baada ya saa moja, bati jembamba linafuata muda mfupi baadaye, na ubavu mnene wa mhimili ulioingizwa kutoka nje jioni iliyopita unabaki na baridi yake hadi baada ya chakula cha mchana. Hewa yenye joto, iliyobeba maji ya theluji inayoyeyuka kutoka kwenye viatu na matairi, inaugusa mhimili huo na mhimili unatoka jasho. Jasho hilo mara nyingi halionekani kwa macho, na mhimili ukiwa chini ya sifuri linakuwa ukungu mwembamba wa barafu ambao kitambaa kikavu hakiuambui. Kwa hiyo kipimajoto cha sumaku kinachobandikwa kwenye chuma ndicho chombo cha kwanza ningemshauri fundi anunue, kabla ya rola na kabla ya pampu ya kupulizia. Kibandike penye unene mkubwa na upande wa chini. Kipimajoto cha miale ni chepesi kubeba, lakini kwenye chuma king'aacho, kilichotoka kusafishwa kwa kupulizwa mchanga, husoma vibaya, nami nimekwisha kukiacha kwenye droo.

Namna ya kupasha joto nayo ni mtihani. Majira ya kwanza, tukiwa na epoksi nyingine ambayo sitaitaja, tulileta majiko ya gesi yasiyo na bomba la kutolea moshi, yale yanayounguruma na kupuliza mwali mbele. Joto lilipanda upesi na tukajipongeza. Asubuhi iliyofuata kila kipande kilikuwa na utando unaoteleza, kama sabuni iliyosahaulika ndani ya maji, na koti la pili tulilolipaka juu ya utando ule lilibanduka kwa vipande vikubwa mwezi mmoja baadaye. Kosa lilikuwa letu. Gesi ikiungua hutoa kabonidayoksaidi na mvuke wa maji, na vitu hivyo viwili ndivyo vinavyopenda kukutana na amaini, yaani kemikali za kigumishi, kabla hazijawahi kufungana na resini. Zikikutana nazo juu ya koti, zinaunda chumvi laini inayoonekana kama nta, na sehemu hiyo ya kigumishi haikomai tena kamwe. Baridi huongeza ubaya huo, kwa sababu inaziacha amaini zikingoja kwa muda mrefu zaidi bila mwenzi.

Tangu hapo tunatumia kipasha joto ambacho tanuri yake iko nje ya ukuta na kinachoingiza ndani hewa kavu tu, na 646 tuliyoipaka ndani ya hewa hiyo haijatuonyesha utando hata mara moja. Sidai kwamba ina kinga. Epoksi yoyote yenye kigumishi cha amaini inaweza kutoa utando ikinyanyaswa, na hii, ambayo kigumishi chake ni cha poliamaidi, inasemekana kuwa na nafuu bila ya kuwa salama kabisa. Ukitilia shaka, osha kwa maji ya vuguvugu yenye sabuni kidogo, suuza, kausha, ndipo upake. Usifute kwa thina, kwa sababu thina inausambaza utando badala ya kuuondoa.

Kuchanganya ni rahisi, na hapa mtengenezaji anastahili sifa. Kipimo ni kopo moja la resini kwa kopo moja la kigumishi, ujazo kwa ujazo, tofauti na epoksi nyingine nyingi ambazo zinadai nne kwa moja au tatu kwa moja na ambazo humfanya fundi mwenye glavu nene apige ramli kwenye mwanga hafifu. Ukishachanganya, unatakiwa kungoja nusu saa kabla ya kupaka, ili sehemu hizo mbili zianze kufahamiana. Nusu saa hiyo watu huiruka, hasa jioni. Sikushauri uiruke, kwa sababu kwenye baridi ndipo sehemu hizo zinapohitaji kufahamiana zaidi.

Muda wa kutumika baada ya kuchanganya ni saa 10 kwenye nyuzi 1.7, saa 4 kwenye nyuzi 25, na saa 2 kwenye nyuzi 38. Nilipokuwa bandarini Dar es Salaam tulikuwa tukikimbizana na epoksi kama watu wanaokimbizana na mawimbi ya maji kujaa. Ndoo ilianza kupata moto mkononi na mwenye brashi akaanza kutukana. Saa 10 za Maine zilinionekea kama zawadi. Lakini zawadi hiyo ina kasoro moja, kwamba ndoo haikai kwenye joto la chuma. Makopo lazima yahifadhiwe mahali pa vuguvugu, kwa sababu rangi iliyolala nje usiku inakuwa nzito kama uji wa muhogo, na fundi akiona pampu inakataa hukimbilia thina, akaimimina bila kipimo, kisha koti linachuruzika kwenye nyuso za wima na thina iliyonaswa ndani haipati njia ya kutoka. Ukiyatoa makopo kwenye chumba chenye nyuzi 22 na kuchanganya humohumo, saa yako ni ya saa 4 na ushei, si ya saa 10, mpaka ndoo ipoe. Ninayaweka makopo usiku kucha katika ofisi, kwenye rafu, mbali na moto wa aina yoyote, maana vimumunyisho vyake vinashika moto.

Upakaji wenyewe sina mengi ya kuusemea, kwa sababu unakwenda vizuri. Kwa pampu koti linajaa sawasawa, kingo na mishono ya kuchomelea hufunikwa bila kukonda sana, na kwa brashi alama za nyuzi zake hujilaza zenyewe. Yaliyo imara ndani ya rangi ni takriban asilimia 72 ya ujazo, maana yake koti bichi la maikroni 175 linabaki maikroni 126 likikauka, na lita moja, kwa hesabu ya karatasi, inafunika karibu mita 5.7 za mraba kwa unene huo. Mimi hununua kwa kukadiria mita 4, kwa sababu ngazi na mabomba hupoteza rangi nyingi hewani. Harufu ni ndogo kuliko ya epoksi nyingi nilizozizoea, jambo lenye maana kubwa katika karakana ambayo milango yake imefungwa kwa ajili ya baridi, ingawa kufunga milango ndiko kunakofanya barakoa yenye vichujio vya mvuke iwe ya lazima na feni ya kutolea hewa iendelee kuzunguka. Kigumishi kikizoeana na ngozi huleta mzio usioondoka. Mwenzetu mmoja, mzee wa Bukavu, aliiacha kazi hii kwa sababu hiyo, na sasa akiingia tu mlangoni mikono yake inaanza kuwasha.

Sifa ambayo sikuitarajia, na ambayo imetuokoa zaidi ya mara moja, ni ule muda mrefu wa kupaka koti linalofuata: hadi mwaka mmoja bila kulazimika kusugua upya kwa msasa, alimradi uso uwe safi. Kazi za majira ya baridi hukatizwa. Dhoruba inafunga barabara siku tatu, mteja anabadili mchoro, kipande kinalala uani hadi Machi. Ikiwa rangi ingekuwa ya kufunga mlango wake baada ya siku chache, tungelipa gharama ya kusugua kila kipande kilichochelewa.

Kuhusu maandalizi ya chuma, mtengenezaji anasema kwamba inaweza kupakwa hata juu ya chuma kilichosafishwa kwa mkono tu, kwa brashi ya waya na tupa. Ni kweli kwamba inashika. Lakini nimekataa kufanya hivyo kwa chochote kitakachokutana na chumvi ya barabarani, na ninapuliza mchanga hadi chuma kionekane kijivu karibu chote, kile kiwango ambacho vitabu vya viwango vinakiita Sa 2½. Hakuna uchawi ndani ya kopo unaoweza kuing'oa chumvi iliyokwisha kujificha kwenye mashimo ya kutu. Tena, chuma kilichopulizwa kwenye hewa baridi na kavu hukaa bila kuchanua kutu kwa muda mrefu kuliko kile cha bandarini kwetu, ambacho kiliweza kugeuka rangi ya chungwa wakati tukinywa chai. Hiyo ni mojawapo ya neema chache za baridi.

Kasoro yake kubwa ni ile ya ukoo wake wote. Epoksi haipatani na jua. Baada ya miezi kadhaa nje, mng'ao wake wa wastani unafifia na uso unaota unga mweupe unaobaki kwenye nguo za wapitao. Kinga ya chuma haijaondoka, bali sura ndiyo imezeeka, na ikiwa mteja anajali sura ni lazima rangi ya aina nyingine, poliurethani, ipakwe juu, yaani koti jingine, kusubiri kwingine, na bei nyingine. Ngazi za nje ninazipaka hivyo bila kujadiliana. Mihimili iliyo chini ya daraja, isiyoona jua, naiacha na epoksi peke yake.

Kasoro ya pili ni kwamba nyuzi 1.7 ni sakafu kwelikweli, na huku Maine sakafu hiyo mara nyingi iko juu ya kichwa chetu. Kazi za nje kuanzia Desemba haziwezekani kwa 646 bila kujenga hema na kulipasha joto mchana na usiku, kwa kuwa rangi inayopakwa mchana kwenye nyuzi 4 na kushikwa na usiku wa nyuzi 8 chini ya sifuri inasimama njiani ikiwa bado dhaifu, na unyevu wa alfajiri unaikuta hivyo. Kwa kazi za namna hiyo kuna kundi jingine la rangi, zile ambazo kigumishi chake ni fenalkamini. Kampuni hiyohiyo inayo moja, Dura-Plate 235, ambayo karatasi yake inaruhusu kupakwa hadi nyuzi joto 18 chini ya sifuri, mradi chuma kisiwe na barafu. Tumeitumia kwa mabomba ya nje, nayo ilikomaa mahali ambapo nisingethubutu kufungua kopo la 646.

Nilipotafuta kujua fenalkamini ni kitu gani, nilicheka peke yangu. Inatengenezwa kwa kadanoli, na kadanoli inatokana na mafuta ya ganda la korosho. Nimekulia Mtwara. Mafuta hayo nimeyajua kwa ngozi kabla ya kuyajua kwa kemia, kwa maana wabanguaji wa nyumbani kwetu, ambao wengi ni akina mama, walijipaka majivu mikononi ili yasiwababue. Asidi inayobabua ngozi ikipashwa joto hugeuka kuwa kadanoli, ambayo ina mkia mrefu wa mafuta unaoyasukuma maji mbali. Na sehemu yake nyingine huharakisha kushikana kwa epoksi hata joto likiwa limekwisha. Hivyo ndivyo rangi ya fenalkamini inavyoweza kuvumilia unyevu na baridi ambavyo vinaiangusha ya poliamaidi. Korosho zetu nyingi zinasafirishwa zikiwa na maganda kwenda India na Vietnam, na ganda huko linakamuliwa. Sehemu ya thamani yake nimeikuta imerudi kwangu ndani ya kopo, Maine, kwa bei ya dola. Sijui kama kuna mtu kule Masasi anayeambiwa hivyo anapouza gunia lake.

Pamoja na ujamaa huo, sikuiweka fenalkamini mahali pa 646 kwa kazi za ndani. Rangi za aina hiyo huelekea kugeuka manjano, na nyeupe yake haidumu kuwa nyeupe. Kwenye joto la kawaida muda wake ndani ya ndoo ni mfupi, na kipimo cha Dura-Plate 235 ni nne kwa moja, kinachohitaji macho na utulivu. Ndani ya karakana yenye nyuzi 10 au 12, 646 inapakwa kwa raha zaidi, inasamehe makosa zaidi, na kipande cha leo asubuhi kinageuzwa kesho mchana. Hizo nyuzi 10, kwa kweli, ndizo ninazozipigania kila mwaka kwa msimamizi wetu, kwa sababu mafuta ya kupashia joto yanayotutoa kwenye 2 hadi 12 yanafupisha kungoja kwa takriban nusu, na meza moja inafanya kazi ya meza mbili. Sitataja bei ya rangi, maana mkandarasi hulipa tofauti na anayenunua galoni moja, ila nasema kwamba katika karakana yetu gharama ya nafasi iliyokaliwa na chuma kibichi imekuwa ikizidi tofauti ya bei kati ya kopo moja na jingine.

Mwenye karakana iliyofunikwa, yenye kipasha joto cha hewa kavu na kipimajoto cha sumaku, achukue 646 bila hofu na aandike 48 kwenye ratiba mahali alipokuwa ameandika 8, mpaka karakana yake ithibitishe vinginevyo. Mwenye kufanya kazi nje kati ya Desemba na Machi aende kwenye fenalkamini, au asubiri Aprili. Mimi nina jozi nne za makopo ya 646 juu ya rafu ya ofisi kwa ajili ya ngazi za mwezi ujao, na kwa nguzo za gati tunazotakiwa kuzipaka zikiwa zimesimama palepale ufukweni mwezi Februari, nimeagiza ile ya korosho.